Mti wa Nyumba ya Kupanga ni wa Nani?

Leo nataka tuzungumze habari ya miti na bustani katika nyumba za kupanga. Huenda utasema, "Mimi ni mkulima wa kijijini. Nyumba za kupanga ni mambo ya mjini." Si hivyo. Tazama kijiji chako. Mwalimu wa shule ya msingi amepanga. Muuguzi wa zahanati amepanga. Fundi cherehani na kijana mwenye duka wamepanga. Na labda wewe mwenyewe umejenga vyumba viwili vya kupangisha ili upate fedha za kununulia chumvi na sabuni.

Mimi nakaa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muheza, Mkoa wa Tanga. Nimekaa katika nyumba za kupanga miaka 19. Sasa nina nyumba yangu ya vyumba vinne, na vyumba viwili nimepangisha. Kwa hiyo nayajua maneno ya mpangaji, na maneno ya mwenye nyumba nayajua pia.

Nimeona ugomvi mwingi. Ugomvi wa kodi huisha kodi ikilipwa. Ugomvi wa mti hauishi upesi. Mti unaendelea kukua. Kila mwaka unazaa, na kila ukizaa unawakumbusha watu maneno ya zamani.

KWA NINI MTI UNALETA UGOMVI

Huku kwetu pwani tuna desturi ya tangu wazee. Mazao yako ya namna mbili. Kuna mazao ya msimu, kama mahindi, kunde, mihogo na mchicha. Na kuna mazao ya kudumu, kama mnazi, mwembe, mfenesi na mchungwa.

Mgeni akiomba mahali pa kulima, hupewa. Lakini huambiwa, "Lima mazao ya msimu tu. Usipande mti." Kwa nini? Kwa sababu kwa wazee wetu mti ni alama. Aliyepanda mnazi amesema, "Mimi nipo hapa." Tena hapa pwani mtu anaweza kuwa na mnazi wake katika ardhi ya mtu mwingine. Ardhi ina mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Mnazi unaweza kuzaa miaka 60 na zaidi. Aliyeupanda atakufa, na watoto wake watakuja kuangua nazi.

Sasa utaelewa kwa nini mwenye nyumba akiona mpangaji anachimba shimo la mche, moyo wake unashtuka. Huenda si mchoyo. Anaogopa kesho watoto wake wataambiwa, "Mti huu ni wa baba yetu."

Na mpangaji naye ana hofu yake. Anajiuliza, "Nikipanda, nikamwagilia, nikapalilia, nani atakula?"

Hofu zote mbili ni za kweli. Dawa yake ni kusema mapema, na kuandika.

MICHUNGWA KUMI NA MIWILI

Nitakueleza jambo nililoliona kwa macho yangu. Majina sitayataja.

Katika nyumba moja niliyopanga, chumba cha jirani alikaa mama mmoja muuguzi. Alikuwa mtu wa kazi. Nyuma ya nyumba palikuwa na majani marefu na makopo ya zamani. Yule mama alipafyeka. Akamwendea mwenye nyumba, mzee mmoja mwema, akamwomba apande michungwa. Mzee akamwambia, "Panda, mwanangu. Utakula."

Basi, maneno yalikuwa hayo tu. Hapakuwa na karatasi wala shahidi wa nje.

Mama yule alinunua miche 12 iliyobebeshwa. Akachimba mashimo, akatia samadi. Wakati wa kiangazi alibeba maji kichwani asubuhi na jioni. Mchungwa uliobebeshwa huanza kuzaa vizuri baada ya miaka mitatu au minne. Mwaka wa nne michungwa ile ikazaa. Machungwa yalikuwa matamu.

Mwaka huo huo mzee akafariki dunia. Watoto wake wakaja kutoka mjini. Wakaiona nyumba, wakaiona michungwa. Wakamwambia yule mama, "Nyumba hii ni yetu. Tunataka chumba chetu mwisho wa mwezi. Na michungwa ni ya nyumba."

Mama yule alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta ananoa panga. Nikamwuliza, "Dada, unataka kufanya nini?" Akanijibu, "Nitaondoka na jasho langu. Nitaikata yote."

Tulimshika mkono. Tukamwambia aende Baraza la Ardhi la Kijiji. Akaenda.

Wajumbe walikuja wakaihesabu miti. Wakawauliza watoto wa marehemu, "Nani alipanda?" Wakasema hawajui. Wakamwuliza yule mama, "Nani alikuruhusu?" Akasema, "Marehemu." Hapo watu wakanung'unika, maana marehemu hasemi.

Ndipo mjane wa yule mzee akasimama. Alisema, "Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nachambua mchicha pale barazani. Mume wangu alimwambia, panda, utakula. Nanyi wanangu msimtie baba yenu aibu."

Baada ya maneno hayo wakapatana. Michungwa ibaki mahali pake. Yule mama avune msimu ule wote. Tena arudishiwe bei ya miche na fedha ya samadi. Akavuna, akalipwa, akahama.

Unaweza kusema mambo yaliisha vizuri. Lakini fikiri. Kama mjane yule angekuwa amesafiri siku ile, ingekuwaje? Kama tungechelewa kidogo, michungwa 12 ingelala chini. Jasho la miaka minne lilisimama juu ya kumbukumbu ya bibi mmoja. Hiyo ni kamba nyembamba sana.

PANDA KWA KUTAZAMA MUDA WAKO

Ndugu mpangaji, kabla ya kupanda jiulize, "Nitakaa hapa muda gani?" Kisha ulize mmea, "Na wewe unataka muda gani?"

Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mpapai huanza kuzaa kabla ya mwaka mmoja, au mwaka ukipita kidogo. Mgomba unataka kama mwaka mmoja. Mihogo mingi inataka miezi tisa mpaka mwaka. Mchungwa uliobebeshwa unataka miaka mitatu au minne. Mnazi mrefu wa kwetu unataka miaka sita au zaidi.

Kama unalipa kodi ya mwezi hadi mwezi, panda mchicha, bamia, nyanya na matembele. Usihitaji ruhusa kubwa kwa hayo, lakini mwambie mwenye nyumba mahali unapotaka kulima. Kama una mkataba wa mwaka mmoja, unaweza kupanda mipapai, lakini kwa ruhusa. Mti wa miaka mingi usipande kabla hamjakubaliana nani ataula.

Na wewe mwenye nyumba, mpangaji akiondoka huku mihogo yake bado iko ardhini, mpe nafasi arudi kuvuna. Hiyo ni desturi njema. Usifungulie mbuzi wako bustani ya mtu kwa sababu mmekosana kwa kodi. Kodi idai kwa njia yake. Mchicha hauna deni.

KAZI HII NI YA NANI?

Watu wengi wanagombana kwa sababu hawakugawana kazi. Mimi na wapangaji wangu tumegawana hivi.

Kazi za mpangaji ni hizi. Kufagia majani chini ya miti. Kufyeka majani mafupi karibu na chumba chake. Kupunguza ua wa michongoma au minyaa upande wake. Kumwagilia bustani aliyoipanda. Kufukia au kuondoa makopo, vifuu vya nazi na matairi ya zamani, maana yakishika maji ya mvua mbu huzaliana humo. Na kutoa habari upesi akiona tawi limeoza au mti umeinama.

Kazi za mwenye nyumba ni hizi. Kukata matawi makubwa. Kuangusha mti mbovu. Kuita mkwezi asafishe mnazi, aondoe makuti makavu na nazi zilizokauka. Kutengeneza mfereji wa maji ya mvua. Na kutopanda mti mkubwa, kama mkuyu, karibu na ukuta, maana mizizi yake huinua msingi na kupasua nyumba.

Kama wapangaji ni wengi katika nyumba moja, fanyeni zamu ya kufagia. Andikeni majina, mbandike karatasi ukumbini. Mtu akisoma jina lake hawezi kusema hakujua.

Je, matunda? Huo mwembe uliokuwapo kabla ya mpangaji ni wa mwenye nyumba. Lakini mti ukianguka maembe mlangoni kwa watu, nao watoto wao waambiwe wasiokote hata moja, hapo pana roho ngumu. Kwangu mimi tumekubaliana hivi. Embe lililoanguka ni la aliyeliokota. Embe la kuangua kwa ajili ya sokoni ni la mwenye nyumba. Na mpangaji anayefagia chini ya mwembe hupewa fungu lake siku ya kuangua.

MNAZI JUU YA PAA

Katika nyumba nyingine niliyowahi kukaa palikuwa na mnazi ulioinamia paa la mabati. Mwenye nyumba alikaa Dar es Salaam. Mpangaji wa chumba cha pembeni alimpelekea habari mara tatu kwamba nazi zimekauka na zitaanguka. Mara zote alijibiwa, "Nitakuja."

Usiku mmoja wa upepo, kole zima lilianguka na nazi zake. Bati likatoboka. Nazi moja ilishuka mpaka chini ikaangukia ndoo, hatua moja kutoka kwenye kitanda cha mtoto. Ndoo ilipasuka. Asubuhi sote tuliitazama ile ndoo, na hakuna aliyecheka.

Nani alipe bati? Mwenye nyumba alisema, "Wewe ndiye unayekaa hapo. Kwa nini hukuita mkwezi?" Mpangaji alisema, "Mnazi si wangu. Nikiangua nazi zako utasema nimekuibia."

Mimi naona mpangaji alikuwa na haki. Mti ni wa mwenye nyumba na paa ni la mwenye nyumba. Yeye alipewa habari, tena mara tatu. Lakini mpangaji yule hakuwa na ushahidi wa habari alizopeleka. Alisema kwa mdomo kupitia kwa dereva wa gari.

Kwa hiyo ndugu mpangaji, andika barua fupi. Siku hizi unaweza kutuma ujumbe wa simu, nao usiufute. Andika tarehe. Mwonyeshe mwenyekiti wa kitongoji. Na mkubaliane tangu mwanzo kwamba kukiwa na hatari na mwenye nyumba yuko mbali, mpangaji anaweza kumwita mkwezi mbele ya shahidi, kisha gharama ikatwe katika kodi.

USIKATE MTI USIOUPANDA

Kuna mpangaji mmoja alikata mwembe wa watu akachoma mkaa. Alisema mti ulikuwa unamtilia giza chumbani. Mwenye nyumba aliporudi alikuta kisiki. Chini ya mwembe ule baba yake alikuwa akisuka mikeka, na majirani walikaa kivulini mchana. Mpangaji alilipa fedha za gunia za mkaa. Lakini mwembe uliotokana na kokwa unaweza kuchukua miaka sita, minane au zaidi kabla ya kuzaa. Fedha ile haikununua kivuli.

Na mwenye nyumba naye asikate mti wa mpangaji kwa hasira. Ukiruhusu mtu apande, umempa neno. Ahadi ni deni.

Tena iko miti ambayo hata mwenye ardhi asiikate kabla ya kuuliza. Mvule, mninga na mpingo inalindwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ukiwa na mti kama huo uani, nenda kwanza ofisi ya kijiji, nao watakuelekeza kwa ofisa wa misitu.

SHERIA INASEMAJE?

Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mambo mengi ya mwenye nyumba na mpangaji yanafuata mkataba wao pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999.

Sheria hiyo inakubali upangishaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, uwe hata wa mdomo. Inamtaka mpangaji alipe kodi na aitumie ardhi bila kuiharibu. Inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani maadamu anatimiza masharti. Na mwenye nyumba anayepangisha vyumba katika nyumba yake anatakiwa kutunza paa na kuta kubwa, kama mkataba wao haukusema vingine.

Kuna jambo lingine kubwa. Serikali ikichukua ardhi kwa ajili ya barabara au kazi nyingine ya umma, sheria inataka fidia ilipwe. Mthamini anapokuja huandika nyumba, na huandika mimea pia, mti kwa mti. Atauliza, "Mchungwa huu ni wa nani?" Siku hiyo si siku ya kuanza kubishana. Jibu liwe limeandikwa tangu zamani.

Mkikosana, msipigane wala msishike panga. Nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Msipopatana, nendeni Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata nalo kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kusuluhisha tu. Ikishindikana hapo, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nalo ndilo linaloamua. Lakini safari ya wilayani ina nauli, na ina siku za kupoteza shambani. Kupatana kijijini ni nafuu.

ANDIKENI KARATASI MOJA

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo si ya kusomea gazeti tu. Itumie nyumbani kwako. Karatasi moja ya daftari inatosha. Mimi na mpangaji wangu tuliandika namna hii:

"Leo tumekubaliana. Mwenye nyumba anapangisha chumba kimoja kwa mwaka mmoja. Miti iliyopo leo ni mwembe 1, minazi 3 na mlimau 1. Yote ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anaruhusiwa kulima mboga nyuma ya jiko, hatua kumi kwa hatua sita. Anaruhusiwa kupanda mipapai 4. Mapapai ni ya mpangaji muda wote atakaokaa. Akihama, mipapai itabaki, hatalipwa na hataikata. Mboga na mihogo atavuna, hata kama amehama, kwa muda wa miezi mitatu. Mti mwingine wowote asipande bila kuandika tena. Mwenye nyumba ataita mkwezi kila baada ya miezi mitatu."

Chini tuliandika tarehe na majina yetu. Tukatia sahihi. Asiyejua kutia sahihi huweka dole gumba. Shahidi wake alitia sahihi, na shahidi wangu pia. Karatasi zilikuwa mbili. Moja anayo yeye, moja ninayo mimi.

Angalia jambo moja. Tuliihesabu miti kabla ya kuandika. Tulizunguka uani pamoja, mpangaji na mimi na mashahidi, tukaigusa miti mmoja mmoja. Kazi hiyo ilichukua muda wa kunywa chai. Na mke wangu alikuwapo, na mtoto wangu mkubwa alikuwapo, ili nikifa leo wasije wakasema hawajui.

Wako watu wataona haya. Watasema, "Kumwandikisha mtu ni kumwona mwizi." Si kweli. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mti ni mali. Bustani ni mali. Na ujirani ni mali kuliko vyote viwili.

Basi wewe mwenye nyumba, usiogope mpangaji anayetaka kulima. Mpangaji anayelima anafukuza nyoka na mbu uani kwako. Nawe mpangaji, usiseme, "Nyumba si yangu, kwa nini nifyeke?" Wewe ndiye unayelala humo, na watoto wako ndio wanaocheza hapo.

Jioni ya leo, kabla giza halijaingia, mwite mwenzako. Zungukeni ua. Hesabuni miti. Mkishamaliza, chukueni kalamu.